Mwanamke Aliyelipwa kwa Kushindwa

Ukikutana na mtu wa Melbourne ya magharibi ambaye miaka ile ya tisini mwanzoni alikuwa hapati usingizi, mchokoze kidogo tu kuhusu matangazo ya biashara ya usiku wa manane, uone uso unavyomchangamka. Atakusimulia habari za kisu kilichokata soli ya kiatu, kisha hapo hapo kikakata nyanya vipande vyembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Atakusimulia habari za unga wa kunyunyizia upara, na yule bwana aliyenyunyiziwa akajitazama kwenye kioo akabubujikwa na machozi huku mkewe akimpapasa kichwa. Atakumbuka mkanda wa umeme uliotikisa tumbo la mtu aliyekaa zake kwenye kochi anakula keki, na soksi za sumaku zilizodaiwa kutibu kila kitu, hata ugomvi wa nyumbani. Na lazima, lazima kabisa, atamkumbuka yule mama.

Yule mama hakuwa na jina. Alitokea mwanzoni mwa tangazo, picha ikiwa nyeusi na nyeupe ili uelewe kwamba maisha yake ni ya taabu. Akitaka kufungua kopo, kopo linamrukia. Akikunja shuka, anajikunja mwenyewe humo ndani. Akimimina maziwa, yanakwenda kila mahali isipokuwa kikombeni. Kisha anageuka na kuitazama kamera kwa macho ya mtu aliyeonewa na dunia nzima, na sauti nene ya mwanamume inauliza: "Umechoka na haya?" Hapo rangi zinarudi, anaingia msichana mrembo na kifaa kipya, na mambo yote yananyooka.

Jina lake yule mama ni Salvina Zerafa, wa mtaa wa St Albans, na ukweli ni kwamba mtaa mzima haukuwa na mikono hodari kama yake.

Salvina alizaliwa Malta, katika mji wa Zejtun, akaja Australia kwa meli akiwa msichana. Alikuwa akichuna sungura huku anakupigia soga. Hujamaliza kumjibu, sungura yuko sufuriani na kitunguu kimeshanukia. Pastizzi zake, zile sambusa za jibini za kwao, zilikuwa zikigombewa kwenye klabu ya Wamalta mpaka mwenyekiti akaamua kila mtu achukue mbili tu. Kushona, kupiga pasi, kukanda unga, vyote alivifanya kama mtu anayepumua.

Kazi yake ilikuwa kuandaa chai na mikate kwa watu wa studio moja ndogo ya matangazo kule Port Melbourne. Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani. Katikati walijenga jiko la uongo, bomba halitoi maji na dirisha linatazama mlima wa kuchorwa.

Siku moja mchana alikuwa anapanga vikombe wakati mwongozaji wa matangazo, kijana mmoja aitwaye Trevor Hassett, alipokuwa karibu kulia. Walikuwa wanarekodi tangazo la kifungua kopo. Dada waliyemwajiri ashindwe kufungua kopo kwa njia ya kawaida alikuwa amesomea kucheza dansi, na hata kopo lilipomponyoka lilianguka kwa madaha. Mafuta ya samaki yalimwagika kwa mpangilio. Hakuna mtu angemwonea huruma yule.

"Salv, dada yangu," Trevor akaita, shati limemganda mgongoni. "Hebu njoo ujaribu wewe."

Salvina akafuta mikono, akashika kopo, akalifungua mara moja, akamkabidhi.

"Hapana, hapana. Nataka ushindwe."

"Nishindwe nini? Si hilo limeshafunguka?"

"Jifanye huwezi."

"Trevor mwanangu, mama yangu mzazi yuko chini ya udongo. Akisikia nimeshindwa kufungua kopo, atatoka aje anichape."

"Atatusamehe. Jaribu tu."

Akajaribu. Kopo la pili likafunguka. La tatu likafunguka vizuri zaidi, kwa sababu alikuwa ameanza kukasirika. Mikono ilikataa katakata kumtii. Mpiga picha akaweka kamera chini akawasha sigara. Salvina akasimama pale mbele ya mlima wa kuchorwa, kopo mkononi, akijiuliza mtu asiyejua kitu jikoni anakaaje. Mara akamwona mumewe.

Hakumwona kwa macho, alimwona kichwani. Karmenu Zerafa alikuwa pande la mtu, fundi wa mashine katika kiwanda cha matairi, anayeweza kuifungua injini akiwa amefumba macho. Lakini mwingize jikoni uone. Na tatizo lilikuwa kwamba anapenda kuingia. Kila Jumapili asubuhi, tangu walipooana, Karmenu alimkataza mkewe kuamka, ili amletee kifungua kinywa kitandani. Salvina alikuwa akijilaza na kusikiliza kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Kwanza mlango wa kabati. Kisha kikaango. Kisha kitu kinaanguka, kimya kinapita, na sauti ya Karmenu: "Hamna kitu, Salv! Wewe lala tu!" Kisha kitu kingine kinaanguka. Mwisho anatokea mlangoni na sinia, uso umejaa mapenzi, yai nusu liko kwenye sahani na nusu kwenye kola ya pajama.

Basi Salvina akapandisha mabega mpaka masikioni. Akatoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo. Akatanua viwiko kama kuku anayefunika vifaranga. Akalishika lile kopo kama mtoto wa jirani aliyejikojolea, akalizungusha, akalikaba, akalinong'oneza, na kopo likamtoka, likapiga bomba lisilo na maji, likarudi likamwagia kifua kizima. Kisha akageuka, akaitazama kamera kama Karmenu anavyomtazama akisimama mlangoni kila Jumapili.

Mpiga picha alicheka mpaka sigara ikamdondoka. Trevor alikaa sakafuni.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "kuanzia leo chai atapika mtu mwingine."

Karmenu alipopata habari kwamba mke wake ataonekana kwenye televisheni, kiwanda kizima kilijua kabla ya saa ya chakula. Hakuuliza anafanya nini humo. Alikuwa anafanya zamu ya jioni na kurudi usiku sana, na matangazo yale yalikuwa yakianza kipindi hicho hicho anapokula. Salvina humwekea sahani mezani, yeye huwasha televisheni, na wakati mkewe anahangaika na kopo pale kwenye kioo, Karmenu huangua kicheko mpaka uma unamtoka.

"Lakini Salv, haya unayatoa wapi?" akamwuliza usiku mmoja, akijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Binadamu wa namna hii yupo kweli?"

"Yupo," Salvina akajibu, mgongo kamgeuzia, anaosha sufuria.

"Maskini mume wake!" akasema Karmenu.

Salvina akainamia sufuria ile akaisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Aliyegundua kwanza alikuwa binti yao, Doreen, aliyekuwa sekondari na asiyepitwa na kitu. Jumamosi moja walikuwa wanatazama kanda ya video ya tangazo la kukunja shuka, akaacha kutafuna. Akamtazama mama kwenye kioo, akamtazama baba aliyekuwa uani anapambana na kiti cha kukunja, akamtazama tena mama.

"Ma," akanong'ona. "Huyo si ba?"

"Kula chakula chako."

"Ma! Huo ulimi! Ni ba mtupu!"

"Ukimwambia, wewe na mimi hatujuani."

Doreen hakumwambia baba. Alimwambia binamu yake tu, na huyo akamwambia mama yake, na huyo mama alikuwa mteja wa kutengeneza nywele kwa mke wa Ninu Buttigieg, kinyozi. Kumwambia Ninu jambo ni sawa na kulisoma kwenye kipaza sauti cha kanisa. Haikupita wiki, Wamalta wote wa St Albans walijua siri ya yule mama wa matangazo, isipokuwa mwenyewe Karmenu.

Ikawa akiingia klabuni watu wanageuza viti wamwelekee. Akichana pakiti ya karanga, mazungumzo yanakatika. Karanga zikiruka, wanaume wazima wanaegemeana ukutani. Karmenu hakuelewa, ila aliona kwamba siku hizi watu wanacheka sana akiwa karibu, akaamua kwamba amekuwa mchekeshaji. Akaanza kusimulia hadithi ndefu za kiwandani, hadithi zisizo na kichwa wala miguu, na watu wakacheka nazo pia, kwa sababu alizisimulia huku anachovya mkate kwenye supu. Alikuwa akirudi nyumbani kifua mbele.

"Wananipenda, Salv," alikuwa akisema.

"Wanakupenda kweli," Salvina alikuwa akijibu, na moyo ukimsuta kidogo, kidogo tu, kwa sababu kesho yake alikuwa na tangazo la kudeki.

Mambo yalipasuka siku ya sikukuu ya kanisa, klabuni, wakati wa chakula cha mchana. Meza zimejaa, bendi imepumzika, watu wamevaa vizuri. Mama mmoja asiye na hila akamwendea Karmenu na mtungi wa zeituni.

"Nifungulie huu mfuniko, Karm, wewe una nguvu."

Watu wakaacha kula. Hata bibi Censa, aliyekuwa hasikii vizuri, akahisi kuna jambo akavaa miwani. Karmenu akaushika mtungi. Mabega yakapanda. Viwiko vikatanuka. Ulimi ukachungulia. Akazungusha, akakaba, akaunong'oneza, na mfuniko ukaachia ghafla kama kizibo. Zeituni zikanyesha juu ya meza ya padri. Karmenu akageuka akawatazama watu wote kwa macho ya mtu aliyeonewa na dunia nzima.

Ninu hakuweza kujizuia. Akasimama juu ya kiti, na kwa sauti nene kabisa akauliza: "Umechoka na haya?"

Paa lilikuwa karibu kung'oka. Watu walipiga meza, walikumbatiana, padri alitoa zeituni kwenye kola huku anatetemeka kwa kicheko. Karmenu naye akaanza kucheka, kwa mazoea. Halafu kicheko kikapungua. Akaitazama mikono yake. Akamtafuta mkewe, akamkuta amejifunika uso mzima kwa kitambaa cha mezani.

"Salv," akasema. "Mimi huwa natoa ulimi?"

"Kidogo," ikajibu sauti nyuma ya kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu nikujue."

Njiani kurudi nyumbani Karmenu aliendesha akitazama mbele tu. Doreen alikaa kiti cha nyuma akisoma mabango ya maduka kana kwamba ni vitabu. Walipofika, Karmenu alizima gari, akashuka, akaenda moja kwa moja gereji akafunga mlango.

Hapo ndipo Salvina alipoingiwa na hofu. Akavua viatu vya sikukuu, akakaa jikoni, akayatazama mambo kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili. Kwake mchezo ule ulikuwa mapenzi. Kila alipopandisha mabega studio alikuwa anamwona Karmenu wake na sinia lake, na moyo ulimlainika hata wakati maziwa yanamtiririka. Lakini nchi nzima haikujua hilo. Nchi nzima ilikuwa inamcheka mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutaka kumpelekea mkewe yai kitandani. Akaamua kesho atamwambia Trevor basi. Akachemsha chai, akaikorogea sukari nyingi kama apendavyo mumewe, akaenda kubisha gereji.

Alimkuta Karmenu amesimama mbele ya meza ya kazi. Kioo chake cha kunyolea amekitundika kwenye msumari kati ya bisibisi na misumeno. Mbele yake kuna trei la mayai na ndoo.

"Funga mlango," akasema bila kugeuka. "Nilikuwa najitazama."

"Karm, nisikilize..."

"Mabega umeyapatia. Viwiko umevipatia. Ulimi, sina la kusema. Lakini mayai unakosea."

Salvina akabaki na kikombe hewani. "Nakosea?"

"Nimekumbuka lile tangazo lako la kukoroga keki. Wewe unaliachia yai. Mimi siliachii hata siku moja! Mimi nalibana, kwa sababu naogopa litaanguka. Na nikishaogopa nalibana zaidi. Hebu tazama." Akachukua yai, na bila hata kulifikisha kwenye ukingo wa ndoo likampasukia mkononi, ute ukamchuruzika mpaka ndani ya mkono wa shati la sikukuu. "Umeona? Ni woga huo. Mtu akilicheza kwa uzembe anaharibu."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Nilikasirika kutoka klabuni mpaka pale kwenye mataa ya reli." Akajifuta mkono kwenye suruali, akaichafua suruali. "Halafu nikakumbuka nilivyokuwa nakaa pale mezani nacheka. Miezi yote ile, Salv. Najicheka mwenyewe! Na nikawa nasema... nilikuwa nasema nini vile?"

"Maskini mume wake."

Karmenu akamtazama. Kona za midomo zikaanza kumchezacheza. Salvina akaweka kikombe chini kabla hakijamwagika, na ikawa vizuri, kwa sababu dakika iliyofuata walikuwa wameshikana wanacheka mpaka wanakaa juu ya matairi ya akiba, na Doreen, aliyekuwa amebana sikio mlangoni akitegemea vita, akafungua akawakuta wote wawili wamepakaa mayai.

"Nyie wazazi mna matatizo," akasema, akaenda zake kulala kwa amani.

Kuanzia hapo Karmenu akawa mwalimu. Jioni za mapumziko alimkalisha mkewe akamfundisha namna ya kushindwa: jinsi ya kutafuta chumvi huku umeishika, jinsi ya kufunga droo ukiwa umeacha kidole ndani. Alikuwa mkali. "Usijaribu kuchekesha," alikuwa akimwambia. "Mimi sichekeshi. Mimi nataka kupika." Na siku Trevor alipoleta kazi ya kifaa kipya cha kupasulia mayai, kidude cha plastiki kama koleo lenye meno, Karmenu akasema yeye mwenyewe atakwenda.

"Kwa nini uige wakati mwenyewe yupo?" akauliza.

Aliomba ruhusa kazini. Ninu akamnyoa bure, kwa kujipatanisha. Akavaa suti aliyofungia ndoa, iliyokataa kufungika katikati, akaingia studio anasalimia kila mtu kwa mkono. Trevor alipoelezwa huyu ni nani, alimkumbatia kama ndugu aliyepotea baharini.

"Mzee wangu, sitaki uigize," akasema. "Pika tu mayai kama nyumbani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Taa zikawashwa. Karmenu akasimama mbele ya mlima wa kuchorwa, akavuta pumzi, akachukua yai. Akaligonga kidogo kwenye ukingo wa bakuli. Ganda likafunguka katikati, nusu kwa nusu, na kiini kikateremka kizima kabisa, cha duara, kikatulia bakulini kama jua dogo.

Mpiga picha akainua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Samahani," akasema Karmenu. "Limeniponyoka."

Akachukua la pili. Likafunguka vizuri kuliko la kwanza. La tatu alilipasua kwa mkono mmoja, jambo ambalo hata Salvina alikuwa halifanyi mbele ya wageni. Alikuwa ametoa macho, anautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine umeshonewa begani kwake.

"Karmenu Zerafa!" Salvina akapiga kelele kutoka nyuma ya kamera. "Vunja yai vizuri!"

"Si navunja vizuri!"

"Si vizuri hivyo! Vizuri vibaya! Kama Jumapili!"

"Najaribu, mke wangu! Linakataa!"

"Tangu siku ya harusi nadeki mayai yako, nabandua mayai ukutani, natoa mayai kwenye pajama, leo mbele za watu unanifanya mimi mwongo?"

"Salv, sina la kufanya, mkono wenyewe ndio..." Akapasua lingine. Kiini kizima. Na hapo tabasamu likamwenea usoni, pana, la mtoto aliyegundua kwamba anaweza kuogelea. "Mama Maria! Umeona? Leteni mengine!"

Wakaleta mengine. Kila yai lilipofunguka mafundi walipiga makofi. Fundi sauti, mzee asiyecheka, alianza kuhesabu kwa kelele kama kwenye mpira. Trevor alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, mpaka yule msichana mrembo wa kifaa kipya alipomgusa bega. Msichana alikuwa amejaribu kile kidude kwenye mayai mengi pembeni, na kila yai lilisagika maganda na yote. Gauni lake lilikuwa kama limepikwa.

"Hiki kitu hakifanyi kazi," akasema.

Trevor akamtazama yeye, akamtazama Karmenu, akatulia. Kisha akachukua kile kidude, akakioshea kwenye ndoo, akakiweka mkononi mwa Karmenu.

Na siku ile, hata ungempa jiwe lingetoa kiini. Karmenu akakibana kidude kidogo tu, taratibu, na yai likafunguka.

"Salv," Trevor akasema kwa sauti ndogo, "vaa aproni. Wewe ndiye utakayeshindwa. Yeye ataingia na rangi."

Ndivyo tangazo lilivyotengenezwa. Mwanzoni, katika nyeusi na nyeupe, Salvina analibana yai kwa woga, kama alivyofundishwa, mpaka linampasukia hadi kwenye nyusi. Kisha rangi zinaingia, na badala ya msichana mrembo anaingia pande la mtu ndani ya suti inayokataa kufungika, mwenye furaha ambayo hakuna mwigizaji anayeweza kuiigiza, anapasua yai baada ya yai. Watu waliokuwa macho usiku ule walipiga simu mpaka laini zikajaa.

Ninu alirekodi kwenye kanda, na Jumapili baada ya misa wakaisukuma televisheni ya klabu mpaka katikati ya ukumbi. Karmenu alikaa mbele, mikono juu ya magoti. Alipotokea kwenye kioo ukumbi ulilipuka.

"Huyo si Karmenu!" Ninu akapiga kelele. "Wametafuta mtu mwingine wakambandika uso wake!"

"Ni mimi!"

"Uongo mtupu! Thibitisha!"

Yai likaletwa kutoka jikoni, likapita mkono kwa mkono mpaka likamfikia. Karmenu akasimama, akakunja mikono ya shati, akatazama kushoto na kulia kama mtu mwenye kipaji. Bibi Censa akavaa miwani. Karmenu akaligonga yai kwenye bakuli, na yai likaruka, maganda huku, ute kule, na kiini chote kikatua juu ya kiatu cha Ninu, kiatu cheupe cha Jumapili.

Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka kituo cha treni. Wakambeba Karmenu mabegani, bendi ikaanza kupiga bila kuambiwa, na Salvina, aliyekuwa amecheka mpaka hawezi kusimama, alilazimika kushikiliwa na Doreen upande mmoja na padri upande wa pili ndipo akaweza kucheza.

Walitengeneza matangazo mengine kadhaa wawili wao, yeye akishindwa na Karmenu akifaulu, kabla studio ile haijafungwa na Trevor kuhamia Brisbane. Salvina alirudi kwenye unga na sungura zake. Karmenu alistaafu. Doreen aliolewa, akazaa, na wanawe hawakuamini hata neno moja la hadithi hizi.

Siku moja, miaka mingi baadaye, wazee hawa wawili walikuwa soko la Footscray wananunua mboga. Salvina alikuwa anakagua giligilani wakati mwuza mboga, mama wa Kivietnam wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, alipoacha kupima akamkodolea macho.

"Wewe," akasema. "Wewe ni mama wa kopo."

"Mama wa nini?"

"Wa kopo! Wa shuka! Wa mayai!" Akazunguka meza akamshika Salvina mikono yote miwili. Aliitwa Thuy. Mwaka wa tangazo la mayai, akasema, ndio kwanza alikuwa amefika nchini, ana mapacha wachanga, mume anafanya kazi usiku, na yeye hajui hata kusema asante kwa Kiingereza. Mapacha wakilia alikuwa akiwasha televisheni apate kuona sura za watu. "Nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye ndege. Halafu nikakuona wewe na lile yai. Nilicheka kwa sauti kubwa, dada yangu, mpaka watoto wakashtuka wakanyamaza wote wawili. Nikasema, kumbe huku nako kuna watu kama shangazi yangu!"

Salvina akageuka. Akamvuta Karmenu kwa mkono wa koti akamsogeza mbele.

"Shangazi yako ndiye huyu," akasema.

Thuy akamtazama yule mzee mkubwa, na uso ukamfunguka. "Suti! Yule wa suti!"

Karmenu akavua kofia. Alijaribu kuonekana kana kwamba mambo haya humtokea kila siku. "Samahani, dada," akasema, "nilitaka kujua. Kile kidude cha mayai, ulinunua?"

"Nilinunua viwili."

"Vikafanya kazi?"

"Hata kimoja!" Thuy akasema, akajipiga paja, na wote watatu wakaangua kicheko pale pale katikati ya njia, watu na vikapu vyao wakilazimika kuwazunguka. Thuy hakukubali kupokea malipo. Aliwajazia mfuko giligilani, mchicha na ndimu, akawapa na pilipili juu, na alipoagana nao aliwaita watoto wake wawili wakubwa, wanaume wenye ndevu waliokuwa wanashusha maboksi nyuma, waje wawasalimie wazee hawa kwa heshima.

Mapacha wale wakaja, wakafuta mikono, wakainama kidogo. Karmenu alipowapa mkono, mfuko ulimponyoka na ndimu zikatawanyika chini ya meza zote za jirani. Vijana wakapiga magoti kuziokota, na Salvina naye akapiga magoti pamoja nao, akicheka, akizifuata moja moja.